Jua Nililoliongeza Baharini

Vijana, picha ya mtu ikiletwa kwako, weka mikono mfukoni. Kama suruali haina mifuko, ikalie mikono hiyo. Mimina chai, kaa mbele ya picha, unywe kikombe kizima bila kugusa brashi. Chai ikiisha, muulize mwenye picha swali moja: hii ni ya nini? Usiulize ni ya nani, hilo utaliandika kwenye risiti. Usiulize ni ya wapi, maana watu hudanganya au hawajui. Uliza ni ya nini, yaani ikishaning'inia ukutani itamfanyia kazi gani.

Hayo nilifundishwa nikiwa kijana kama ninyi. Niliyasahau nikiwa mtu mzima mwenye kibanda changu, na ndiyo sababu kuna nyumba moja upande wa Kajiado ambako mpaka leo nikiingia naangalia kwanza pembe ya chini ya picha, kulia, kabla sijasalimia watu.

Kwa miaka yangu yote ya kazi nilikuwa mwandishi wa mabango na mtengenezaji wa fremu hapa Kitengela. Zamani, kabla mashine za kuchapa mabango hazijaja, duka lilikuwa halijafunguliwa mpaka mimi nipande ngazi niandike jina lake. Bucha, kinyozi, shule ya watoto, kanisa jipya, wote walikuja kwangu. Mvua ikinyesha nashuka na kukaa ndani natengeneza fremu za vyeti na picha za arusi. Nilisoma mpaka kidato cha nne, basi herufi zangu zilikuwa safi. Siku hizi kibanda changu kinauza vifuniko vya simu, na kijana aliye pale akiniona huniita "mbuyu", yaani mzee, na kuniuliza kama natafuta chaja.

Aliyenifundisha alikuwa Mzee Barasa, mtu wa Magharibi, mfupi, mwenye kofia ya sufu hata kwenye jua kali. Yeye ndiye wa chai. Mara ya kwanza nilipomwona amekaa mbele ya ukuta mtupu na kikombe chake, nilidhani anategea kazi.

"Mzee, tuanze?"

"Tumeanza," akasema.

"Lakini hujafanya kitu."

"Wewe umefanya nini? Umeuliza maswali mawili. Mimi nimekunywa chai. Nani yuko mbele?"

Ningemsikiliza mzee huyo, ningejiepusha na aibu nyingi, ya kwanza ikiwa ile ya ng'ombe. Mtu mmoja alifungua bucha karibu na soko la mifugo akaniambia nimchoree ng'ombe ukutani. Nilimchora ng'ombe mzuri, mwenye macho ya huruma, masikio yamelala kwa upole, shingo imeinama kidogo kama anayesali. Niliona huyu ni ng'ombe mwenye tabia njema. Wiki ikapita, mwenye bucha akanijia amekunja ndita.

"Fundi, watu hawanunui nyama."

"Nyama yako ikoje?"

"Nyama iko sawa. Ni ng'ombe wako mgonjwa!"

Nilimfuata. Wazee wawili wa Kimaasai walikuwa wamesimama mbele ya ukuta wangu, wameegemea fimbo zao, wanabishana. Mmoja alisema ni ndigana. Mwingine alisema hapana, ndigana ingemvimbisha tezi chini ya sikio. Huyu amekula sumu. Waliangalia yale macho yangu ya huruma na kutikisa kichwa. Walikubaliana jambo moja tu, kwamba nyama ya mnyama kama huyo hawawezi kuila. Nikapanda ngazi, nikayainua masikio, nikanyoosha shingo, nikamwongezea nundu. Wakarudi kesho yake, wakamzunguka kwa macho, mmoja akasema, "Sasa amepona," wakaingia wakanunua mbavu.

Nilicheka sana siku ile. Mzee Barasa hakucheka. Aliniambia, "Kijana, wewe ulichora huruma, wao wakaona homa. Shika hiyo." Sikuishika.

Sasa nije kwenye bahari.

Kilikuwa kiangazi kile kirefu, mlichosimuliwa na wazazi wenu, ambacho ng'ombe walikuwa wakiletwa mpaka kando ya barabara kuu kutafuta majani, na mwishowe hata kando ya barabara hakukuwa na kitu. Mama mmoja kutoka nje kidogo ya mji wa Kajiado alikuja soko la mifugo kuuza mbuzi wake wa mwisho mwisho. Tulimwita Mama Saitoti, kwa jina la kijana wake wa pekee. Alikuwa ananizidi umri, mrefu, mwenye shanga shingoni na msalaba mdogo juu ya shanga. Chini ya kwapa alikuwa amebeba kitu kilichofungwa kwa shuka nyekundu.

"Takwenya," nikamsalimia.

"Iko," akajibu. "Fundi, wewe ndio mtu ya picha?"

"Ndio mimi, mama."

Akafungua shuka. Ilikuwa kipande cha plaiwudi, ukubwa wa mlango wa kabati, na juu yake bahari.

Bahari nilikuwa nimeisoma kwenye jiografia tu. Lakini nilijua ni bahari, kwa sababu maji hayakuwa na ng'ambo. Hakukuwa na mashua, hakukuwa na mtu, hakukuwa hata na ufuo wa kuweka mguu. Maji yalikuwa rangi ya sufuria kuukuu. Juu yake mawingu meusi yamepandana, matumbo yameshuka mpaka karibu yaguse maji. Upande wa kushoto mistari ilishuka mshazari, na hapo hungejua wingu linaishia wapi na maji yanaanzia wapi. Katikati palikuwa na utepe mwembamba wa mwanga, kama ule unaoonekana chini ya mlango uliofungwa. Aliyeichora alikuwa ametumia brashi pana ya kupaka mageti, na mkono wake haukutetemeka popote.

"Ni Saitoti amechora," mama akasema. "Ametuma na dereva wa lori kutoka Mombasa. Hakuandika kitu. Ni picha tu."

Akanieleza habari yote akiwa amesimama vile vile. Kiangazi kilipoanza kukaza, kijana alichukua ng'ombe wote akaenda nao mbali, kutafuta majani. Akarudi na fimbo tu. Hakukaa nyumbani hata kidogo. Alipitia tu kusema kilichotokea, akaenda zake Mombasa, akapata kazi ya kupaka meli rangi. Kwa simu alikuwa anasema "Niko sawa, mama," halafu anakata. Sasa amesema anakuja Jumamosi, mara ya kwanza.

"Nataka akiingia aikute kwa ukuta. Akiiona hapo atajua mimi nimemsikia," akasema. "Nitengenezee hii picha, Fundi."

"Nitaitengeneza mpaka ushangae," nikamwambia.

Vijana, huku kwetu bara tuna neno moja la kazi zote. Tunatengeneza chai, tunatengeneza gari, tunatengeneza nywele, tunatengeneza hata mtoto mtundu. Mama wa watu alitaka fremu. Mimi nilisikia anataka picha yenyewe itengenezwe. Na kuna jambo lingine lililokuwa mbele ya macho yangu sikulitazama: alipokuwa akinieleza hayo yote, mama yule alikuwa anatabasamu. Niliona ni ujasiri.

Akaenda zake na pesa za mbuzi. Niliiegemeza ile bahari nje, kwenye ukuta wa mabati. Nilikusudia kuitazama kidogo tu, lakini kila aliyepita alikuwa na lake.

Wa kwanza alikuwa Wambui, aliyeuza mboga kibanda kinachofuata. Aliacha mteja na sukuma wiki mkononi.

"Ai! Fundi, nani amechora kwetu Njabini?"

"Ni bahari, Wambui."

"Bahari gani na hiyo ni ukungu? Hapo nyuma ya ukungu ndio shamba ya kabeji ya cucu, mama ya babangu. Hata naskia baridi kwa magoti." Na kweli akajifunga leso kiunoni, kwenye jua la Kitengela la saa nane.

Kisha akaja Mwalimu Wekesa, mpangaji wa Kware kule Rongai, aliyekuwa akifundisha huku kwetu. Alifuata fremu ya cheti chake. Kwao ni upande wa Budalangi, ambako mto huingia nyumbani bila kubisha hodi. Alipoiona picha alirudi hatua moja nyuma.

"Fundi, funika hiyo kitu."

"Kwa nini, mwalimu?"

"Hayo maji hayajasimama. Yanakuja. Nikiwa mdogo yalikuja hivyo hivyo, kimya kimya. Yakachukua kuku. Yakarudi, yakachukua kitanda."

"Lakini ni picha."

"Hata yale tuliambiwa ni umande," akasema, akachukua cheti chake na kuondoka bila kuangalia nyuma.

Mngedhani ningejifunza. Watu wawili, picha moja, na kila mmoja ameona hali ya hewa ya kwao. Badala ya kujifunza nikaamua kwamba wote wawili ni wajinga, na mimi ndiye nimeisoma sawasawa. Nilichosoma mimi kilikuwa msiba. Nilijiambia, huyu kijana analia. Hii ndiyo hali ya nyumba jeneza likishatolewa. Amemtumia mama yake huzuni tupu kwenye plaiwudi, na mama maskini ameipokea, na Jumamosi wataiangalia pamoja walie upya. Nikamhurumia mama. Mnajua mimi nikihurumia kitu nakifanyaje. Muulizeni yule ng'ombe.

"Ongeza ka-jua hapo," Wambui akanishauri akipima nyanya. "Watu wapate joto."

Nilikuwa na rangi nyekundu iliyobaki kwenye bango la bucha. Ijumaa alasiri nikachovya. Kwenye ule utepe wa mwanga nikaweka jua linalozama, duara, jekundu, nono kama nyanya za Wambui. Nikapaka matumbo ya mawingu wekundu kidogo kidogo. Nikavuta njia ya jua juu ya maji mpaka pembe ya chini, kulia. Ilipendeza! Watu walisimama kusifu. Mmoja akasema inafaa kalenda. Ndipo nikamimina chai, nikanywa, nikiitazama. Mnaona nilivyogeuza? Chai ilikuwa ianze.

Kwa fremu nilikuwa na mbao za saiprasi zilizotoka kiwandani wiki ile ile, bado zinanukia. Mzee Barasa alikuwa amenionya pia kuhusu mbao mbichi. Lakini Jumamosi ilikuwa kesho.

Nilifika kwa Mama Saitoti kabla ya saa sita, picha imefungwa kwenye shuka yake mwenyewe, fremu mkononi, nyundo na misumari kwenye mfuko. Boma lilikuwa limefagiwa. Zizi lilikuwa tupu, na mlango wake umeachwa wazi, maana hakukuwa na wa kufungiwa. Ndani palikuwa na mama mwenyewe, jirani zake wawili waliokuja kupika, na Mzee Parsaloi, ndugu mkubwa wa marehemu mume wake, amekaa kwenye kiti cha heshima na rungu lake magotini. Nikawasalimia wote. Nikaiweka picha juu ya meza, nikavuta shuka kwa madaha kama mtu anayezindua shule.

Jirani mmoja aliweka mkono mdomoni. Mzee Parsaloi aliinamisha kichwa akatazama sakafu.

"Fundi," Mama Saitoti akasema polepole. "Mvua yangu iko wapi?"

"Mvua, mama?"

"Hapa. Ilikuwa hapa." Akaonyesha matumbo ya mawingu. "Umepeleka wapi?"

"Mama, nimekuwekea jua. Niliona ni picha ya msiba, nikataka ichangamke."

"Jua!" Akanishika mkono wa shati akanivuta mpaka mlangoni. Nje uwanda ulikuwa mweupe kwa vumbi mpaka macho yaliposhindwa, na hewa inachemka juu yake. "Hiyo ni nini? Eh? Hiyo si jua? Umetoka Kitengela kuniletea jua, mimi, hapa Kajiado? Ulisikia imeisha?"

Mmoja wa jirani akacheka, akageuza kicheko kuwa kikohozi.

Mzee Parsaloi ndiye aliyenifafanulia, kwa upole, kama mtu anayemweleza mgeni choo kiko wapi. "Sikia, Fundi. Sisi Wamaasai tunasema Enkai, Mungu, ni Narok, mweusi, na ni Nanyokie, mwekundu. Mweusi ni yule mpole. Anakuja na mawingu, mvua, majani, maziwa. Mwekundu ni yule mkali, wa kiangazi. Huyu mama alikuwa na Narok kwa picha, nyumba nzima. Wewe umemfukuza, ukamleta yule mwingine. Na umempaka mafuta."

"Mimi naenda kanisa kila Jumapili," Mama Saitoti akasema, kama anayenizuia nisimfikirie vibaya. "Lakini mawingu najua. Mtoto alienda kwa sababu ng'ombe walikufa. Akatuma mawingu. Maana yake ni nini? Ni kwamba mvua inakuja, na yeye anakuja. Sasa anaingia hapa saa hii, anakuta nimemwandikia kiangazi kwa ukuta!"

Hapo ndipo nilipoielewa picha, nikiwa nimeshaiharibu. Yale mawingu niliyoyaona kama jeneza, kwake yalikuwa ng'ombe waliorudi zizini. Ule utepe wa mwanga chini ya mlango, kwake kuna mtu nyuma ya mlango huo.

"Mama, nipe mafuta taa," nikasema. "Na vitambaa."

Shikeni hili, huenda likawafaa. Rangi ya mafuta mpya juu ya rangi iliyokauka siku nyingi haijashikana nayo bado. Ukiiwahi siku ya kwanza, itatoka na ya chini itabaki. Futa kidogo kidogo, kitambaa safi kila mara, kutoka nje kwenda ndani, usije ukasambaza. Saitoti alikuwa ametumia rangi ya meli, na rangi iliyotengenezwa kuvumilia chumvi haiogopi mafuta taa. Jua langu lilianza kutoka. Jirani walinichania vitambaa. Mama alisimama juu ya bega langu akinielekeza kama aliyekuwa akichunga: "Hapo bado. Amejificha chini ya hilo wingu. Mtoe."

Shida ikawa mafuta taa yanaacha utando, picha inafifia kama kioo kilichopumuliwa. Dawa yake Mzee Barasa alinifundisha, nayo si dawa ya kuonyesha watu: mate. Mate ya binadamu husafisha picha kuliko sabuni, na hayachubui. Unalowesha pamba, unazungusha taratibu. Basi nikawageuzia mgongo, nikajifanya nainama kuangalia kwa karibu, nikatema kidogo.

"Fundi," sauti ya Mzee Parsaloi ikasema nyuma yangu. "Umetemea picha ya mtoto?"

Nikajua sasa nitalipa kwa rungu. "Mzee, ni kazi. Mate yanasafisha."

Mzee akainuka, akaja, akanitazama usoni. Kisha akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Kwa nini unajificha? Mtu anabariki kwa siri kama mwizi? Na hizo mate ni kidogo. Sogea."

Kwao, kama hamjui, mzee akikutemea mate amekubariki. Akanyunyizia picha mate ya baraka, mara moja upande huu, mara moja upande ule, akiomba kwa Kimaasai. Mama naye akaja. Jirani nao wakaacha sufuria. Mimi nikawa nafuata nyuma na pamba, nazungusha, nazungusha, na bahari inarudi, nyeusi, inang'aa, imelowa kweli kweli.

Ndipo mlango ukaingia kivuli. Kijana mrefu amesimama na begi begani, anatuangalia, watu wazima watano tumeizunguka picha yake tunaitemea mate.

"Mama," akasema. "Si mngeniambia tu kama hamjaipenda?"

Sijawahi kusikia nyumba ikicheka namna ile. Mzee Parsaloi alilazimika kukaa. Mama Saitoti alicheka mpaka kicheko kikageuka kuwa kitu kingine, akamshika kijana wake kichwa kwa mikono miwili akakiinamisha kifuani, kama watoto wa kwao wanavyoinamia wakubwa, akakishikilia hapo muda mrefu kuliko salamu inavyotaka.

Baadaye, tukinywa chai, akamuuliza mbele yetu. "Saitoti, waambie hawa. Hii picha ulikuwa unaniambia nini?"

Kijana akajikuna kichwa. "Mama, ukweli ni kwamba rangi ilikuwa imebaki kwa mikebe. Ya kupaka meli. Nyeusi na nyeupe. Hakukuwa na ingine."

Nilimwonea huruma mama. Lakini yeye hakutikisika. Aliweka kikombe chini.

"Na ni nani alibakisha nyeusi?"

Mzee Parsaloi akasema, "Hapo sasa," akaomba sukari.

Tulipotoka nje, mimi na kijana, kutafuta ngazi, aliniambia lingine. "Fundi, mama amesema uliona ni msiba. Uliona vizuri. Nilikuwa na hasira siku hiyo. Nilikuwa naangalia maji yote yale, hayana mwisho, na hakuna ng'ombe hata mmoja anaweza kunywa."

Nilikaa na maneno hayo njia yote ya kurudi Kitengela. Kwa hiyo niliisoma hisia ya mchoraji kwa usahihi kabisa, na usahihi huo ndio ulionipotosha. Miaka ilipita kabla Saitoti hajamwambia mama yake jambo hilo, naye mama akanisimulia kama kitu kidogo tu. Alimjibu, "Najua. Mtoto ni wangu, nitakosa kujua? Lakini picha nayo ni yangu."

Nimesahau kuwaambia habari ya pembe. Ile njia ya jua niliyoivuta mpaka pembe ya chini kulia, pale mwisho plaiwudi ilikuwa imebanduka kidogo, mbao iko wazi. Mbao ilikunywa rangi. Nilisugua mpaka kidole kikauma, wekundu ukakataa.

"Mama," nikakiri, "kuna nyekundu kidogo hapa imekataa kutoka. Lakini mdomo wa fremu utaificha."

Akainama akaitazama. "Mwache. Na yeye ni Mungu," akasema. "Lakini akae pembeni."

Nikapiga fremu, nikaitundika, nikaenda zangu nikidhani yameisha. Mbao zangu mbichi ndizo zilizokumbuka. Saiprasi isiyokaushwa, kukiwa na unyevu hewani inavimba, kukikauka inajikunja, na pembe zilizokatwa mshazari zinaachana. Miezi kadhaa baadaye, mvua zimekuja zimeondoka, simu ikalia.

"Fundi. Mtu wako anachungulia."

Nilienda na nyundo. Kweli, pembe ya kulia ilikuwa imefunguka upana wa ukucha, na ndani yake wekundu wa bucha unaniangalia. Nikataka kuibana. Nikaahidi nitamletea fremu mpya ya mbao kavu, mvule, bure, nimalize aibu hii.

"Usiguse," Mama Saitoti akasema. "Amechungulia Jumatatu. Jumanne nimemwambia Saitoti auze madume mawili aliyonunua na pesa ya meli, wakiwa bado na nyama. Jirani wote wamekuja kuangalia. Ukileta mbao kavu, ni nani ataniambia?"

Tangu hapo ndivyo ilivyo. Kiangazi kikikaribia, mwekundu anachungulia. Hewa ikianza kubeba maji hata kabla wingu halijaonekana, fremu inavimba, anafungiwa ndani. Zizi lake lina ng'ombe tena, na Saitoti hajarudi Mombasa. Watu hutoka mbali kuja kuangalia pembe. Mimi nimejitolea mara nyingi kubadilisha fremu ile, kwa sababu ni kazi mbovu kuliko zote nilizowahi kufanya na jina langu liko nyuma yake kwa penseli. Amekataa kila mara.

Kwa hiyo mkija kuniona hapa kwangu, msishangae nikiacha mazungumzo katikati. Juzi nilikuwa nimekaa nje na binti yangu, jua linachoma, mbingu tupu, nguo zote za wajukuu ziko kwenye kamba. Simu ikalia.

"Fundi."

"Mama Saitoti. Takwenya."

"Iko. Ameingia ndani."

Akakata. Nikainuka, nikaanza kuanua nguo.

"Baba," binti yangu akasema, "hizo si zimelowa bado?"

"Lete karai," nikamwambia.